Shajara ya mradi: Fumo Liyongo apanda SGR

Kikao cha kwanza

Limepita: mwaka huu NAICCON, lile kongamano la mashabiki wa vibonzo la Nairobi, tunakwenda na jitu. Hatutaki tena yale mambo ya kila mtu na shujaa wake wa katuni za Kijapani, tukifika ukumbini tunapotezana mpaka saa ya kurudi. Jitu moja, la sote, na jitu lenyewe ni Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wa Waswahili.

Waliopo: Mwalimu (anafundisha gredi ya sita, na utendi anao kichwani), Shemeji (fundi bomba), Binti Amu (cherehani), mdogo wangu (mabega) na mimi mwenye daftari. Sote twakaa Mombasa, ingawa Binti Amu atakwambia yeye ni wa Lamu na hapa anapita tu. Huu ni mwaka wa ngapi anapita, hasemi.

Ubishi ulikuwa ni Liyongo yupi. Mdogo wangu alimtaka wa angani, mwenye deraya ya chuma, taa za buluu na upinde unaotoa miale. Mwalimu alinyamaza hadi mahamri yakaisha, kisha akauliza, "Mtu aliyepuliza panda mara ya tatu ikapasuka, mwamwongezea taa za nini?"

Hoja ikafia hapo. Tukamwomba atusomee ile sehemu ya Pate, kwa utendi ule tulio nao katika hati ya Muhamadi Kijuma wa Lamu ya 1913. Wagala (ndio Waoromo) wamesikia sifa za Liyongo na wanataka kumwona. Anaitwa kutoka Shaka, mwendo wa siku nne, yeye anaukata kwa siku moja. Anapuliza panda, baragumu lake, mjini watu wanashtuka. Halafu anatua mkoba wake na kuanza kutoa vitu: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, mafiga. Jiko zima, begani mwa mtu mmoja! Wagala wanaishia kuomba mbegu yake, wampe mke ili wazaliwe majitu kwao pia.

Mimi kwa mkoba ule peke yake nishashawishika. Mashabiki wa fantasia wanalipa pesa nzuri kusoma habari za mifuko isiyojaa, na sisi tunayo ya kwetu tangu enzi ambazo wataalamu bado wanabishania karne yake.

Kilichokubaliwa: jitu liwe na kimo cha kutisha, livaliwe na mtu mmoja, likunjike liingie kwenye treni, na mkoba utoe vitu kweli jukwaani.

Uti wa mgongo

Mbinu ya majitu ya kuvaliwa ni ile ile kila mahali: mbebaji anavaa shanta yenye fremu, na kutoka kwenye fremu unapanda mlingoti unaobeba mabega na kichwa. Uso wa mbebaji unabaki kwenye tumbo la jitu. Shanta tuliipata Kongowea kwenye mitumba, ya wapanda milima, yenye mkanda mpana wa kiunoni. Mkanda huo ndio tulioufuata, kwa sababu mzigo ukikaa mabegani mtu hamalizi saa, bali ukikaa kwenye nyonga anatembea.

Mdogo wangu alileta mianzi. Myepesi, lakini haukunjiki. Shemeji aliitazama akacheka, akaenda kwenye gari lake akarudi na paipu za PVC za aina mbili. Zile nyembamba za kupitishia nyaya za umeme zinapinda ukizitazama tu. Zile za maji ni ngumu, ila zina uzito. Basi uti wa mgongo ni paipu ya maji, mabega na mbavu ni paipu za umeme zilizopashwa moto zikapindwa kwa mchanga ndani ili zisibonyee.

Halafu akatoa kitu ambacho ni fundi bomba tu angekiwaza. Katikati ya mgongo ameweka yunioni, ile jointi ya kufungua kwa mkono ambayo kwa kawaida hukaa karibu na tangi ili fundi asikate bomba kila likiharibika. Unazungusha, Liyongo anakuwa vipande viwili. Nyingine shingoni, na moja kila bega. Hakuna spana wala gundi.

Kimo kamili akiwa amevaliwa: karibu mita 3. Chini ya hapo Mwalimu hakubali.

Kichwa

Kichwa kinatakiwa kiwe chepesi kuliko vyote, maana kiko mbali na nyonga na kila gramu ya huko juu inamvuta mbebaji. Karatasi na uji wa ngano zilikataliwa kwa sababu ya unyevu wa pwani. Tumetumia povu la EVA, ambalo si kitu kigeni hata kidogo: ndilo la champali tunazovaa, na ndilo la ile mikeka ya rangi rangi ya watoto inayounganishwa. Mafundi viatu wanauziwa shuka zake kwa unene tofauti, na gundi yake iko hapo hapo dukani.

Kuhusu gundi hiyo, kwa atakayejaribu: pakeni pande zote mbili, subirini mpaka ikiguswa isinate kidoleni, kisha unganisheni. Ikishagusana hakuna kurekebisha. Mdogo wangu haamini maneno, alitaka kuona, na sikio la kushoto la Liyongo limekaa juu kidogo kuliko la kulia. Tumeliacha. Na kazi hii ifanyiwe kibarazani penye upepo, moshi wake si wa kuuchezea.

Uso umetokana na mchongo wa sponji ya godoro tuliouzungushia plastiki ya jikoni na selotepu. Ukishachora mistari ya mikunjo juu ya selotepu, unakata, unapata vipande bapa vya kufuata kama ramani. Kila kipande kinapitishwa kwenye mashine ya hewa moto mpaka povu lilegee, unalikunja juu ya goti, linapoa na umbo lake. Moto huo huo unafunga vitundu vya juu, rangi isinywewe yote.

Bibi alipita akasimama. Akakizunguka kichwa chote.

"Mbona mmempa macho ya kushangaa?" akauliza. "Huyu si wa kushangaa, mwanangu. Huyu ndiye wa kushangaza."

Tumeongeza kope nzito, macho yakashuka nusu. Sasa anakutazama anavyotaka yeye. Hakuna badiliko lililofanya kazi kubwa hivyo kwa vipande viwili vya povu.

Tahadhari fupi: kichwa kililala garini kwa Shemeji kutwa ya jua, madirisha juu, na mshono wa shavu ukaachia. Gundi hiyo hulegea kwa joto. Mishono yote sasa imebanwa kwa ndani kwa vitambaa vya marekani vilivyopakwa gundi, na kichwa kinasafiri kivulini.

Nguo, na kitovu

Binti Amu amekataa vinavyong'aa. Marekani tupu, iliyochovywa rangi ikakaa ya udongo, kikoi kizito kiunoni na kilemba. Kwa jitu, kanzu moja inakula kitambaa cha familia nzima, na mshono wake wa pembeni ni mrefu kuliko kibaraza, kwa hiyo cherehani ilikaa ndani na kitambaa kikapitia dirishani.

Alilalamika, na ana haki, kwamba kwenye picha ataonekana mvaaji na mshonaji hatajulikana. Nikamsimulia ya 1939. Mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa bunilizi za sayansi, New York. Kati ya waliohudhuria ni wawili tu waliokwenda wamevaa nguo za wakati ujao, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas. Ackerman ndiye anayetajwa sana. Nguo zote mbili alizishona Myrtle. "Basi hilo jina la huyo mwanamke liandike kwenye daftari lako," akasema Binti Amu. Nimeliandika. Na la kwake limetariziwa ndani ya upindo wa kanzu, kubwa tu.

Tatizo lililobaki lilikuwa mbebaji aone wapi. Macho yake yanaangukia kwenye tumbo la jitu, basi tundu lazima liwe tumboni. Tukapima mara mbili: ni kitovuni hasa. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu kitovu ndipo alipouawa Liyongo. Hakuna silaha iliyomuweza ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyetumwa kuichoma ni mwanawe mwenyewe, baba akiwa usingizini. Sasa mahali hapo hapo ndipo panapomwezesha kutembea bila kugonga watu. Tumeweka kipande cha chandarua kilichopakwa rangi ya ngozi. Ukiwa hatua chache tu mbele yake hukioni, na aliye ndani anaona vizuri, ila miguu yake mwenyewe haioni. Kwa hiyo kila anapotembea lazima awe na mtu wa kumwongoza, tena awe anamwambia "ngazi" kabla ya ngazi, si baada yake.

Jaribio la gorofani

Tulimpandisha juu ya gorofa, jioni, kusi ikivuma. Kanzu ilijaa kama tanga na mdogo wangu akaenda asikokuwa akienda. Wawili tulimkamata kiunoni. Majirani wa gorofa ya pili walitoka kwenye madirisha, na mtoto mmoja akaanza kulia.

Tulichopata: ndani ya ukumbi hakuna shida, ila kutoka garini hadi mlangoni jitu litembee bila kanzu, mifupa tu. Pia kwapani pamepasuliwa matundu marefu ya kupitisha hewa, ambayo yanamsaidia mbebaji asipikike. Nusu saa, kisha anatoka, anakunywa maji, apende asipende.

Mkoba

Hiki ndicho kipande nilichokipenda kuliko vyote.

Mkoba ni wa ukili, mkubwa, ila si mkubwa kiasi cha kuingia kinu. Na kinu lazima kitoke mkobani mbele ya watu. Jawabu ni sponji ya godoro. Kinu cha sponji ukikibana kinakuwa theluthi, unakisokota ukakitia ndani, na kinapotoka mdomoni mwa mkoba kinajivuta pumzi na kurudi kinu. Mara ya kwanza kilipotoka kibarazani hata sisi tuliokitengeneza tulipiga makofi.

Rangi ndiyo iliyotuchelewesha. Rangi ya mafuta juu ya sponji inakauka, ukiibana inapasuka na kumwagika maganda. Rangi ya kitambaa iliyozimuliwa kwa maji na kuchanganywa na gundi nyeupe kidogo ndiyo imekubali, tabaka jepesi, siyo kulowesha. Mchi ni boya refu la kujifunzia kuogelea lililovishwa kitambaa. Mafiga matatu ni vipande vya godoro vilivyonyofolewa kwa mkono, maana jiwe lililokatwa kwa kisu linaonekana keki. Jiwe la kusagia ni povu la EVA, ndilo pekee gumu, linakaa chini kabisa na kuupa mkoba umbo.

Mpangilio wa kupakia umeandikwa ndani ya mfuniko. Kinu kinaingia mwisho na kutoka kwanza. Kisipotoka kwanza, hakuna kingine kinachotoka.

Miritini

Stesheni ya Mombasa, treni ya asubuhi. Kwa ambao hawajawahi kupanda SGR: kabla ya kuingia stesheni mnaweka mizigo chini kwa mstari, mnasogea pembeni, na mbwa wanapita wakinusa. Watu waliweka masanduku, maboksi ya maembe, magunia ya nazi. Sisi tukaweka kichwa.

Mbwa alikinusa sikio la kushoto, akarudi, akakinusa tena. Askari akatutazama.

"Hiki ni nini?"

"Ni Fumo Liyongo, afande," Mwalimu akajibu, kwa sauti ya darasani.

"Na huyo mwili wake uko wapi?"

Tukamwonyesha zile paipu. Ilibidi tufungue yunioni moja na kuifunga tena mbele yake, akaridhika, na mimi nikamshukuru Shemeji kimoyomoyo kwa kutotumia gundi. Mishale ilikuwa na ncha za povu, aliibonyeza zote moja moja. Gundi tuliiacha nyumbani kwa makusudi. Ile inawaka, tena harufu yake peke yake ingetukosesha safari. Ya dharura tungenunua Nairobi.

Kichwa kilisafiri juu ya magoti, kwa zamu, kilomita zote hizo mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi. Kule Tsavo watalii walipiga picha tembo upande wa kulia, na watoto wa behewa letu wakapanga foleni kumgusa Liyongo kope.

Sarit, siku ya kwanza

Ukumbi wa maonyesho uko juu ndani ya Sarit Centre, Westlands, jengo la tangu 1983. Milango inampitisha Liyongo akiinama, na kuinama ni kazi ya mbebaji kuinama kiunoni yeye mwenyewe, mgongo mzima ukienda mbele. Tulimwongoza polepole. Aliponyooka ndani, ikasikika ile "aaah" ya watu wengi kwa pamoja.

Sifa za ukumbi ni zile zile tunazozipenda: meza za wachoraji wa vibonzo wanaouza kazi zao wenyewe, kelele za mashindano ya michezo ya video, mapanga ya povu marefu kuliko wenyewe, mawigi ya kila rangi, mtu ndani ya roboti ya maboksi anayeomba kunyweshwa maji kwa mrija. Uzuri wa mashabiki ni kwamba hawakuulizi kwa nini umevaa hivyo. Wanauliza umetumia gundi gani. Nimegawa maelezo ya yunioni za bomba kwa watu nisioweza kuwahesabu, na mvaaji mmoja wa deraya ametufundisha kitu: sumaku ndogo badala ya velkro kwenye mabega, hazitoi sauti ya kuchanika kila mara unapovua.

Swali la "Ni wa mfululizo gani?" liliulizwa sana. Mwalimu alilijibu kila mara kwa ukamilifu wake, na mara nyingine hadhira ilikuwa inaongezeka badala ya kupungua. Alipofika kwenye mkate wa wishwa, yaani wa pumba, vijana walikuwa wamekaa sakafuni: Liyongo yuko gerezani, mamake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa kwa sababu anajua walinzi watakula mizuri na kumwachia mfungwa huo. Kisha wanapiga ngoma na matoazi nje, na yeye ndani anakata minyororo, sauti ya tupa imefunikwa. Kijana mmoja wa Kisumu akasema kwao pia kuna Lwanda Magere, mwili wa jiwe, nguvu zake kivulini, naye alisalitiwa na wa nyumbani, mke aliyetoka kwa maadui. Wakaondoka na Mwalimu kutafuta chai, na sikuwaona tena mpaka jioni. Nasikia kuna mpango wa kivuli cha kutembea peke yake. Siandiki zaidi, si mradi wetu.

Siku ya pili, jukwaani

Muda wa jukwaani ni mfupi. Panda ilipulizwa kutoka kwenye simu ya Binti Amu iliyounganishwa na spika, mara tatu, ya tatu ikikatika kwa kishindo. Mkoba ukatuliwa. Kinu kikatoka, kikajivuta pumzi, ukumbi ukapiga kelele. Mchi, vyungu, mafiga, na watu wakaanza kuhesabu kwa sauti kila kitu kilichotoka. Jiwe la kusagia lilinasa. Mdogo wangu hana mikono ya kutosha, maana ya jitu anaiendesha kwa vijiti, basi Shemeji akapanda na ovaroli yake, akalivuta kwa mguu ukutani mwa mkoba, akashuka bila neno. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Hatukushinda. Aliyeshinda alistahili: deraya yake niliichungulia mishono, haina hata mmoja unaoonekana.

Jambo la maana zaidi lilitokea mlangoni, tukimfungua Liyongo vipande. Mlinzi mmoja aliyekuwa akituangalia siku mbili alisogea. Ni mtu wa Tana River.

"Kaburi lake liko kwetu, Ozi," akamwambia Mwalimu. "Kazi nzuri. Lakini mbona hapigi goti?"

Mwalimu akakubali kwa kichwa, maana alijua kinachofuata. Baada ya kuchomwa sindano, Liyongo alichukua upinde wake akaenda kupiga goti karibu na kisima, mshale uko kwenye uzi, akafia hapo hapo. Mji mzima ukakaa bila maji kwa hofu, hakuna aliyethubutu kumkaribia, wakidhani yu hai na amekasirika. Mpaka mamake alipoenda kumbembeleza, na mwishowe akaanguka.

"Akisimama tu," mlinzi akasema, "huyo ni mtu mrefu."

Yaliyobaki

Liyongo amerudi Mombasa mzima, sikio la kushoto likiwa bado juu. Mkanda wa shanta umekatika uzi mmoja. Sumaku zimeagizwa. Kilemba kinahitaji kufuliwa, na kikoi kina alama ya kiatu cha mtu ambaye hajulikani.

Goti: mbebaji akipiga goti kwa sasa, kanzu inalala chini na jitu linabaki limesimama, fupi tu. Inabidi Liyongo awe na mapaja yake mwenyewe mbele ya miguu ya mbebaji, yatokeze mtu anaposhuka. Shemeji ameshachora kitu chenye elbo mbili na springi ya mlango wa geti kila upande. Mwalimu anataka mshale ubaki umenyooka muda wote huo bila kutetemeka, na mdogo wangu amesema hilo waulizwe wenye mabega mengine. Tunakutana Jumapili kibarazani. Binti Amu ameomba apewe kwanza urefu wa paja.